Malalamiko: ruta mliyofunga ghorofani imetenganisha kompyuta zetu

Mtaa wa Langoni,
Lamu.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja.

Bwana Meneja,

KUH: RUTA YA PILI NA FAILI ZISIZOPITA

Nyumba yetu ni ya mawe, na kuta zake nene waifai haizipenyi. Ndiyo maana nikanunua kwenu ruta ya pili na kumlipa fundi wenu aifunge ghorofani. Intaneti ya juu sasa ni nzuri, hilo silikatai. Lakini tangu siku hiyo kompyuta ya chini, yenye printa, haiioni laptopu ya juu ambayo mama watoto hutengenezea kadi za harusi. Zamani faili zilishuka zenyewe. Sasa hushuka nami, flashi mkononi, ngazi hizi mara kumi kwa siku. Punda wa kubeba mawe ana afadhali. Yeye jioni hufunguliwa.

Nimewapigia simu mara tatu. Wa kwanza aliniambia nizime niwashe. Wa pili, nizime fayawoli, yaani kinga ya kompyuta. Nikazima, hakuna kilichobadilika, nikairudisha haraka. Wa tatu alishikilia kwamba laptopu ina mfumo endeshi wa Ubuntu na ya chini ina wa Windows 10, kwa hiyo "haziwezi kuelewana". Mwaka mzima zimeelewana kwa Samba, programu ya kushirikisha folda baina ya mifumo hiyo miwili, folda ile ile na neno la siri lile lile!

Basi nikachunguza mwenyewe. Niliishusha laptopu nikaiunga kwenye waifai ya chini: folda ikafunguka papo hapo. Nikairudisha juu: kimya. Nikatazama anwani, yaani namba ambazo ruta huipa kila kompyuta ili itambulikane mtandaoni. Kompyuta ya chini ni 192.168.1.14, laptopu ya juu ni 192.168.0.102. Nikapiga pingi, yaani ishara ya kuuliza kama kompyuta nyingine inafikika, kutoka juu, ya chini ikajibu. Nikapiga kutoka chini, ya juu haikujibu. Fundi wenu alichomeka waya utokao chini kwenye tundu la WAN la ruta ya juu, lile la kupokea mtandao wa nje, akaiacha igawe anwani zake yenyewe. Imekuwa mtandao mwingine nyuma ya mlango: wa juu hutoka, wa chini hawaingii.

Najua naweza kuihamishia folda kompyuta ya chini na kuiita kwa anwani yake. Sitaki. Nyumba yangu haipangwi upya kwa sababu ya waya mmoja uliokosea tundu.

Kinachotakiwa ni waya uhamie tundu la LAN, lile la mtandao wa ndani, DHCP ya ruta ya juu, yaani kazi yake ya kugawa anwani, izimwe, na ruta yenyewe ipewe anwani inayoanza na 192.168.1 isiyotumiwa na kifaa kingine. Kuhamisha waya peke yake hakutoshi, kwa maana ruta mbili zitagombania kugawa anwani na hata hiyo intaneti nzuri itavurugika. Ningeyamaliza haya kabla ya adhuhuri, ila fundi alibadilisha neno la siri la ruta na ofisi yenu inakataa kunipa, eti kifaa ni chenu. Risiti ya kununulia nimeiambatisha.

Naomba mnipe neno la siri, au fundi arudi bila malipo. Pia naomba nirudishiwe shilingi 1,500 mlizonitoza kwa "ukaguzi wa kompyuta", kwani kompyuta hazikuwa na kosa. Fundi akija, asiziguse.

Nangoja jibu kabla ya Ijumaa. Wiki ijayo kuna harusi mbili, na kadi bado ziko juu.

Wenu,
Mteja wa Langoni