Mwanaidi, hicho kitochi usinunue kwanza

Makorora, Tanga

Shoga yangu Mwanaidi,

Habari za Pangani? Huku wazima, joto tu ndo linatumaliza. Voisi yako nimeisikiliza yote mpaka pale kuku walipoanza kelele, na viza kutoka nimefurahi mno, Alhamdulillah, mjukuu utamshika kwa mikono yako sasa. Ila hilo la kununua kitochi, ile simu ya vibonye, cha elfu thelathini uende nacho Marekani ili Tecno yako ibaki nyumbani salama, mwenzangu hapo nakukatalia.

Vitochi vyetu vingi vinashika 2G basi, ule mtandao wa zamani, na kampuni nyingi za simu za kule mambo hayo zimeshayazima. AT&T 2G yao waliifunga tangu 2017, 3G wakaifunga 2022, na T-Mobile na Verizon nao wakazima 3G mwaka huohuo. Kwa hiyo ukishuka Houston kitochi chako kitakuwa cha kuangalia saa na kumulika usiku. Ungekuwa unakwenda Uingereza ningenyamaza, kule 2G bado ipo, serikali yao imeweka mwisho 2033.

Utaniambia basi niende na Tecno. Hapana, na wala sisemi ni mbovu, mie mwenyewe ndo natumia hiyo. Lakini Tecno, Infinix na itel zote ni za kampuni moja, Transsion ya kule Shenzhen, wanatengeneza kwa ajili ya masoko kama yetu, sasa zile bendi, yaani masafa ya mtandao, za 4G za Marekani, hasa 12, 13 na 71 ambazo ndo zinafika mbali na kupenya ukutani, nyingi hazina. Unakuta barabarani inashika vizuri, ukiingia ndani kwa mwanao mtandao kwisha. Na AT&T ndo wakali zaidi, wana orodha yao ya simu wanazozikubali, yako kama haimo hawaiingizi.

Ushauri wangu tafuta iPhone SE ya 2020, used. Najua kutoka elfu thelathini kwenda laki tatu hivi ni kuruka sana, ila sikiliza kwanza. Ni kadogo, kanaingia kwenye pochi, bendi za kule hakasumbui, na mpaka leo kanapata masasisho ya Apple wakati iPhone XR ambayo kila mtu anaitaka mjini imeshaachwa kwenye iOS 26, ile programu ya kuendeshea iPhone. Ubaya wake betri, haifiki jioni, hiyo nisikufiche. Vijana watakusifia Pixel 4a, simu ya Google, kwa vile ni rahisi na picha zake nzuri, achana nayo, Januari 2025 Google wenyewe walituma sasisho lililozipunguzia baadhi yake uwezo wa kukaa na chaji.

Kikubwa hasa kwenye hiyo SE ni kwamba inabeba laini mbili, moja ya kadi na moja ya eSIM, yaani laini isiyo na kadi. Hapo ndo pesa yako inapokwenda. Laini yako ya hapa inakaa kwenye tundu, ya Houston mwanao anakununulia eSIM unaiingiza kwa kuskani tu. Laini ya nyumbani usiiache hata kwa dawa, maana meseji za benki zenye namba za kuthibitisha zinaingia humo, na hela za upatu wako zote ziko humo, na si unajua laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, ikipotea kuirudisha wanataka dole lako hapa, na dole lako litakuwa Texas. Kabla hujaondoka pita duka la mtandao wako wakuwashie roming, laini ishike ukiwa nje, na uweke vocha kidogo. Ukifika zima data ya hiyo laini, na mtu akikupigia humo usipokee, kupokea ukiwa nje kunakatwa hela, mwambie aje WhatsApp.

WhatsApp nayo, chati hazihami kirahisi kutoka Android kwenda iPhone, so usijitese. Iache kwenye Tecno, halafu hiyo SE uiunganishe kama kifaa cha pili. Tecno abaki nayo Fatuma nyumbani, aiwekee laini yake na bando na awe anaifungua, maana ikikaa zaidi ya siku 14 bila kutumika ile ya pili inatolewa. Kama chati zako zina siri hilo mtajuana wenyewe.

Sasa kununua. Usikubali ya kutumiwa kwa basi kutoka Dar hujaishika, hata wakikuonyesha video kumi. Njoo Ngamiani kwa kaka yangu. Ukiishika piga *#06#, ikitoa namba ndefu iliyoandikwa EID ujue eSIM ipo, isipotoa rudisha. Chukua na IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, uitume 15090, TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, wanakujibu ni simu gani, kama jibu halifanani na unachokishika, ondoka. Halafu ingia setingi, General, About, kwenye Carrier Lock paandikwe No SIM restrictions, kuna nyingi zinakuja zimefungwa kwa mtandao mmoja wa huko zilikotoka. Na muuzaji atoe iCloud yake, ile akaunti ya Apple, aifute simu yote mbele yako kabla hujatoa hata mia. Na kama atakushawishi uongeze hela uchukue iPhone 14 iliyotoka Marekani, hizo hazina tundu la kadi kabisa, laini yako ya hapa utaishika mkononi.

Chaja usihangaike, ile yenye maandishi 100-240V inakubali umeme wao, tafuta tu kichwa cha pini mbili bapa. Pawabenki weka kwenye begi la mkononi, kwenye mzigo wa chini hawairuhusu.

Nitumie siku unayokuja nimwambie kaka akutafutie kabisa, yeye hapendi kukurupushwa, na Ijumaa mchana hayupo. Ukija niletee nazi, za hapa sokoni bei imepanda vibaya. Msalimie mzee.

Wako,
Zuhura