Urithi wa Mji Mkongwe hauko mlangoni peke yake

Mhariri,

Ile habari yenu ya safu ya maduka na makazi ya karne ya 19 katika Mji Mkongwe, Unguja, imenivunja kimya cha miaka mingi. Mwandishi amesifu mlango wa kuchonga kuanzia juu hadi chini, kisha akakubali kwamba ukihifadhiwa huo, nyuma yake kunaweza kujengwa upya. Hapana! UNESCO ilipouingiza mji huu katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, iliuingiza mji, haikuingiza milango.

Thamani ya safu hizo ni jinsi zilivyopangwa. Chini kuna duka jembamba lenye milango ya mbao ya kukunja na baraza mbele, nyuma kuna ghala na ua, na ngazi inapanda kwenye makazi yenye roshani. Wafanyabiashara wengi waliotoka Bara Hindi waliuza chini na kulala juu. Upana wa vyumba uliamuliwa na boriti za mikoko, ambazo kwa kawaida hazivuki sana mita 3. Ukuta wa kati mara nyingi ni mmoja kwa nyumba mbili: mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, unene nusu mita au zaidi, nao hubeba boriti za pande zote mbili.

Sasa tazameni huo unaoitwa ukarabati. Lipu ya zamani inabanduliwa, inapigwa ya saruji kwa sababu inakauka haraka. Jiwe la tumbawe lina vitundu, hunyonya maji ya ardhini pamoja na chumvi. Chokaa huyaacha maji hayo yatoke kidogo kidogo, saruji huyafungia. Yakikosa pa kutokea hupanda, chumvi huganda nyuma ya lipu na kuisukuma, na unyevu hufika kwenye vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani. Hapo ndipo boriti huoza, pasipofika macho. Ukuta unang'aa rangi mpya, kumbe sakafu ya juu imeshaanza kubonyea. Anaitwa fundi yuleyule, naye anashauri zing'olewe boriti limwagwe zege la nondo. Zege ni gumu, haliendi pamoja na ukuta laini wa chokaa. Likitanuka kwa joto huusukuma, na nondo zikipata chumvi hushika kutu, zikavimba na kulipasua. Juu ya hayo, mwenye duka anataka fremu mbili ziwe moja. Ukuta wa kati unabomolewa, zinasimamishwa nguzo mbili. Uzito uliokuwa umetandazwa kwenye msingi mzima unakaa sehemu mbili tu, na nyufa za mshazari zinatokea kwa jirani ambaye hata hakuulizwa. Nyumba yake ikishuka, inalaumiwa masika! Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la mwaka 1883, ilianguka ikiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa. Ikiwa jumba la Sultani lilifika huko, duka lisilo na mhandisi litasalimika kwa lipi?

Na hayo matangi juu ya mapaa! Lita 1,000 za maji ni tani moja, zimewekwa juu ya boriti ambazo hakuna aliyezikagua. Viyoyozi navyo vinadondosha maji ukutani mchana kutwa.

Ninachotaka ni hiki. Mamlaka ya hifadhi ichimbe mashimo ya chokaa, chokaa izimwe kwa kumwagiwa maji na ilale majini miezi 3 kabla ya kuuziwa mafundi. Kibali cha lipu kitolewe kwa fundi aliyechanganya mbele ya mkaguzi, chokaa ndoo 1 kwa mchanga ndoo 3, na mchanga usiwe wa pwani. Ukuta uloweshwe kwanza, kila koti la lipu lisizidi sentimita 1, kisha magunia mabichi yafunike kazi kwa siku kadhaa ili isikauke kwa pupa. Kabla ya kugusa ukuta wa kati, majirani wa kushoto na kulia watie saini, na vichwa 3 vya boriti kila upande vichomwe kwa msumari mrefu. Msumari ukizama kwa mkono mtupu, kazi isimame mpaka boriti ibadilishwe kwa boriti.

Mkirudi kupiga picha, ombeni mpandishwe juu mkavipige picha vichwa hivyo vya boriti.

Msomaji wenu,
Unguja