Wanaorudi kustaafu Kisumu na Nakuru wasianze na nyumba

Mhariri,

Desemba ikifika, ndugu zetu walio Uingereza na Marekani huja likizo, wakaota jua, wakala samaki pale Dunga, na kabla ya kurudi kwenye baridi wameshalipia ploti. Hamu ya kuzeekea penye jua haina kosa. Kosa ni kutanguliza nyumba, huku mambo yatakayoamua kama mtu ataweza kuishi humo yakiachwa nyuma.

Pensheni ndiyo ya kwanza. Ile ya serikali ya Uingereza hupandishwa kila Aprili, lakini anayeishi Kenya haongezewi, kwa kuwa hakuna mkataba wa jambo hilo kati ya nchi hizi mbili. Mauritius wanao. Aliyeanza kupokea kiasi kamili cha pauni 155.65 kwa wiki mwaka 2016 akiwa ameshahamia hapa, bado anapata zile zile, ilhali kiwango hicho kwa mwenzake aliyebaki Leeds kilifika 230.25 mwaka 2025. Basi bajeti ya miaka 20 isipigwe kwa bei za leo. Rekodi ya michango ikaguliwe kabla ya kuondoka: chini ya miaka 10 hupati kitu, na kiasi kamili kinataka miaka 35. Kuna pia fomu ya kuthibitisha kwamba uko hai. Hiyo hutumwa kwa posta, na isiporudishwa malipo husimamishwa. Usitoe anwani ya shemeji anayefungua sanduku lake Krismasi hadi Krismasi, fungua lako.

Walio Marekani hulipwa Social Security, pensheni ya serikali ya huko, hata wakiwa Kenya, ila Medicare, bima ya afya ya wazee, hailipi hospitali za huku. Aliyechukua uraia wa huko ataendelea kuwasilisha ritani za kodi Marekani kila mwaka, na kuripoti akaunti zake za benki za hapa ikiwa jumla yake imepita dola 10,000 wakati wowote katika mwaka.

Sasa uraia, ambao wengi huuona jambo la makaratasi tu. Waliojiandikisha kuwa raia wa nchi nyingine kabla ya Katiba ya 2010 walipoteza uraia wa Kenya. Ibara ya 14 inawaruhusu wazaliwa hao kuurudisha, lakini haurudi wenyewe, lazima uombwe. Asiye raia, chini ya Ibara ya 65, hawezi kumiliki ardhi ila kwa kukodi, tena kwa muda usiozidi miaka 99, na bodi ya ardhi, ile inayoidhinisha mauzo ya mashamba, haimpi idhini ya kununua shamba la kilimo. Ukinunua ekari mbili Rongai ya Nakuru au Seme ya Kisumu kabla ya kurudisha uraia, umenunua kesi. Mume au mke mgeni naye ana mlango wake: kuna kibali cha ukaazi cha daraja K kwa aliyetimiza miaka 35 na mwenye mapato ya uhakika yasiyopungua dola 24,000 kwa mwaka, bila ruhusa ya kuajiriwa.

Kwenye ardhi ndiko pesa nyingi hupotelea, hasa huku magharibi, ambako hatimiliki nyingi bado zina jina la babu aliyefariki zamani. Mwana wa tatu anakuonyesha kipande "chake", kina mipaka ya ua wa mimea, jirani anakubali, chifu anakubali. Kisheria hana cha kuuza. Mpaka mahakama itoe hati ya usimamizi wa mirathi na kuithibitisha, jambo ambalo kwa kawaida huchukua angalau miezi sita baada ya hati kutolewa, ardhi ya marehemu haiuzwi, hata ndugu wote wakitia sahihi kwenye daftari la chifu. Omba kuona hati iliyothibitishwa, usome jina la muuzaji na kipimo alichogawiwa. Fanya upekuzi rasmi kwenye masjala ya ardhi wiki ile ile ya kulipa, kwa maana tahadhari, yaani zuio la kuuza, inaweza kuwekwa baada ya upekuzi wa kwanza. Lete mpima ardhi akuonyeshe bikoni, alama za mipaka. Shamba likiwa la kilimo, maombi ya idhini ya bodi yaingie ndani ya miezi sita tangu mkataba. Bila idhini hiyo mauzo ni batili. Mwenzi wa muuzaji atie sahihi ikiwa ni mali ya ndoa. Weka pia akiba ya ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani, ambao hulipwa na mnunuzi.

Mahali penyewe pakaguliwe Aprili, wakati wa mvua. Desemba kila ploti ni kavu. Udongo mweusi wa Kano, karibu na Kisumu, huvimba ukilowa na kunywea ukikauka, na ukuta uliojengwa juu yake hupasuka kuanzia pembe za madirisha. Chimba shimo la mita mbili uone ulipoishia huo weusi kabla fundi hajakupa bei ya msingi. Nakuru shida ni maji ya kisima, ambayo sehemu nyingi yana floraidi, madini yanayoharibu meno, kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua, floraidi hubaki. Vichujio vya mkaa wa mifupa huiondoa, ila mkaa huchoka na lazima ubadilishwe. Rahisi zaidi ni mvua: paa la mita za mraba 100 hujaza tangi la lita 10,000 kwa mvua ya milimita 120 hivi, ukitoa inayopotea.

Na jua lenyewe si moja. Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, usiku wa Julai unataka blanketi zito. Kisumu kuna joto mwaka mzima, na malaria pia. Kinga aliyokuwa nayo aliyekulia kando ya ziwa hupungua akikaa ng'ambo miaka mingi, kwa hiyo alale ndani ya neti na homa yoyote ipimwe siku hiyo hiyo.

Anayerudi kwa kudumu huruhusiwa kuleta gari moja bila ushuru wa forodha, likiwa la usukani wa kulia, halijapita miaka minane, na amelimiliki na kulitumia kwa angalau miezi 12. Ni lazima awe ameishi nje miaka miwili, na ziara zake za Kenya katika miaka hiyo zisizidi siku 90 kwa jumla. Waliokuwa wakija kila mara kusimamia mjengo huzimaliza siku hizo kabla ya kuezeka.

Msomaji wenu,
Milimani, Nakuru