Pima mahindi kabla lori halijapakia

Kila msimu tunapokea simu kutoka mpakani: lori limesimama, dereva anadai posho, na mwenye mzigo anauliza kama tunaweza kumpimia mahindi leo leo. Kupima tunaweza. Kusafisha mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu (aflatoksini), hatuwezi.

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda. Zuio liliondolewa baada ya siku chache, likaacha masharti, mojawapo likiwa cheti kinachothibitisha kuwa sumukuvu haizidi 10 ppb, yaani mikrogramu 10 kwa kilo. Wapo walioona wameonewa, lakini kiwango hicho ni cha Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe: sumukuvu yote isizidi mikrogramu 10 kwa kilo, ya aina B1 isizidi 5, na unyevu wa mahindi usipite asilimia 13.5.

Piga hesabu ya lori la tani 30. Sumukuvu inayoruhusiwa humo ni gramu 0.3, karibu uzito wa punje moja ya hindi.

Ndiyo maana hatukubali kikombe cha mahindi kilichochotwa juu ya gunia. Kuvu haisambai sawasawa. Punje chache zilizotobolewa na wadudu zinaweza kubeba sumu nyingi, na gunia la jirani likawa safi kabisa. Vijana wetu huja ghalani na bambo, chuma chenye ncha cha kuchotea nafaka ndani ya gunia, huchoma magunia ya pande zote, juu, katikati na chini, kisha huchanganya na kusaga sampuli yote kabla ya kupima. Inachosha, lakini majibu ya sampuli mbovu ni hasara kwako.

Unyevu ndio chanzo cha mengi. Mahindi yaliyoanikwa chini kwenye udongo, au kupukuchuliwa mabichi ili kuwahi bei, yanaendelea kuota kuvu ndani ya gunia. Tuna mashine ya kukaushia na turubai za kukodisha, na kipimo cha unyevu hutoa jibu dakika hiyo hiyo.

Tunasisitiza hivi kwa sababu mahindi yaleyale huliwa nyumbani. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na kupika ugali hakuiondoi.

Kwa hiyo tuite mzigo ukiwa bado ghalani, kabla hujamlipa mwenye lori. Majibu yakizidi kiwango, utakuwa bado na nafasi ya kutenga magunia mabaya na kupima upya yaliyobaki.