Mtufaha wako umekufa na baridi? Tuanze na aina ya Wealthy

Hapa kitaluni kwetu Minnesota, Marekani, theluji ikishaisha tu, simu zinaanza. "Kaka, ule mti mbona hauchipui?" Mwaka jana mama mmoja wa Lubumbashi aliniletea mche wake mzima, ameufunga kwenye mfuko wa taka. Aliununua dukani majira ya joto, mrefu, majani tele. Nikakwaruza gome kwa ukucha. Chini yake palikuwa pa kahawia mpaka shinani, na penye uhai huwa pa kijani.

Mama, kosa si lako. Hapa Minnesota kuna usiku wa nyuzi 30 chini ya sifuri, na mche wa aina isiyozoea hali hiyo hauponi hata uufunike blanketi. Na mbegu za tufaha la supamaketi msizipande, tafadhali. Mbegu ya tufaha haimfuati mama yake. Utangoja miaka minane upate tunda chungu la kulisha kulungu.

Aina tunayoipendekeza kwanza ni Wealthy, na ni ya hapahapa. Peter Gideon alihamia kando ya ziwa Minnetonka mwaka 1853, akawa anapanda mitufaha, baridi inaua, anapanda tena. Inasimuliwa kwamba alipobakiwa na dola 8 aliagiza mbegu na vijiti vya kupandikiza kutoka Bangor, Maine, majira ya baridi akayapitisha na koti la viraka. Mche mmoja ukapona. Akauita Wealthy, jina la mkewe, ambalo maana yake ni mwenye mali. Mume hana hata koti zima!

Tunda lenyewe lina mistari myekundu, nyama nyeupe, maji mengi, na uchachu unaolifaa jikoni. Likiiva Septemba unalila hivihivi. Mimi lakini nalichuma Agosti, bado kijani, nalifanyia achari kama embe mbichi: nakata vipande na maganda yake, napaka chumvi na manjano, nalaza usiku kucha. Asubuhi namwaga maji, natia kitunguu saumu, pilipili ya kusaga, siki na sukari kidogo, nachemsha moto mdogo. Usiondoke jikoni, vipande vinavurugika haraka. Watu wa Mombasa wananiambia hii si achari, ila chupa hawairudishi. Yaliyoiva tunapika jemu, tunakamua juisi, mengine tunakata pete na kukausha. (Nanyi wa pwani, tofaa lenu la kwenu ni tunda jingine kabisa, msije mkanidai.)

Kasoro zake nazisema mapema. Matunda hayaivi kwa pamoja, na yakichelewa kuchumwa yanadondoka yenyewe. Usipoyapunguza yakiwa madogo, mwaka huu utapata mengi ya kimo cha limau na mwakani mti utapumzika. Unahitaji pia mtufaha wa aina nyingine jirani, wenye kuchanua wakati mmoja, ili nyuki wafanye kazi yao.

Miche yetu mingi tunaibebesha, yaani tunapandikiza kijiti cha Wealthy, juu ya mzizi wa Antonovka, tufaha la Urusi linalojulikana kwa kustahimili baridi kali. Mzizi wake unazama chini sana na haufi kirahisi ardhi ikiganda. Ila mti unakuwa mkubwa: acha nafasi ya mita 6 au 7, na subira ya miaka kadhaa kabla ya tunda la kwanza. Kama umepanga nyumba, au uwanja wako ni wa kuegesha gari moja, sitakuuzia huu. Uliza ile iliyobebeshwa juu ya mzizi unaoufanya mti ubaki mfupi.

Kitu kimoja kinachosahaulika ni sungura. Theluji ikipanda, wanatafuna gome kuzunguka shina lote, na mti uliovumilia baridi unakufa kwa meno. Kila mche tunautoa na kipande cha wavu wa waya, bei ni ileile. Uzungushe kabla ya Novemba, chini uzame kidogo ardhini kwa ajili ya panya, juu upite kimo cha theluji.

Miche ya mizizi mitupu, isiyo na udongo, inatoka kitaluni mwishoni mwa Aprili. Njoo na ndoo ya maji, mizizi isikauke njiani.