Yah: Kupitilizwa Kolo na kutozwa nauli ya Babati

Meneja wa Huduma kwa Abiria,
Ofisi ya Mabasi,
Dodoma.

Ndugu Meneja,

Jumamosi iliyopita mimi na walimu wenzangu wawili tulipanda basi lenu la asubuhi kutoka Dodoma kwenda Kolo, wilayani Kondoa, kuangalia michoro ya mapangoni. Kolo hatukushushwa. Tulishushwa Bereko, mbele kabisa, baada ya kelele nyingi, na hata pole hatukupewa. Nilipompigia simu wakala wenu alinijibu kwamba Kolo si kituo chenu. Nashangaa, maana ubavuni mwa basi lile lile mmebandika tangazo kubwa la kuwaalika watu wapande na ninyi wakaone michoro ya Kondoa. Na ofisi ya Mambo ya Kale, ambako mgeni hulipa kiingilio na kupewa mwongozaji, iko Kolo hapo hapo. Huwezi kwenda kwenye michoro bila kupita pale. Sasa mnawaalika watu wakashukie wapi?

Nianze na tiketi. Dirishani nilisema wazi kwamba tunakwenda Kolo. Kijana akaniambia kwenye mfumo hakuna Kolo, kwa hiyo atanikatia Babati, "halafu utaongea na konda." Nikalipa, kwa sababu gari lilikuwa linawasha na nyuma yangu kuna foleni. Lakini nauli za mabasi ya mikoani zinapangwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri ardhini, kwa kilomita, siyo kwa jinsi mfumo wenu ulivyoandikwa. Kipande cha kutoka Kolo hadi Babati sikukipanda, na pesa yake mnayo.

Halafu hilo tangazo lenyewe. Mmechora wale watu warefu wembamba kwa rangi nyekundu, na kwa nje kusema kweli linapendeza. Tatizo ni kwamba stika imepanda mpaka kwenye vioo. Aliyekaa dirishani anatazama nje kupitia vitobo vidogo vidogo, na jua likipiga haoni hata hivyo vitobo. Nafundisha jiografia, na nilikuwa nimekwenda kukagua njia kabla ya kuwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu. Nilitaka waone wakiwa kwenye siti zao makorongo ya Kondoa, yale yaliyofanya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, uanzishwe mwaka 1973, na mifugo ikaja kuondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi mwaka 1979 ili majani yaote tena. Hakuna picha ya kitabuni inayolieleza somo hilo kama kulipita kwa basi. Mimi niliyaona kwa kusimama na kuinamia kioo cha mlangoni, konda akinifokea nirudi kukaa.

Kondoa mjini nilimkumbusha konda kwamba tunashuka Kolo. Akacheka. "Tulia mwalimu, nitakushusha mlangoni." Muziki ulikuwa juu, yeye akahamia mbele kupiga soga na dereva. Nyumba za Kolo zilipoanza kuonekana tukapiga kelele, "Shusha! Shusha hapo!", mwenzangu akagonga bodi kwa kiganja. Gari halikupunguza mwendo. Dereva alisema kwa sauti kwamba hapo hasimami, ana ratiba ya kuwahi. Mnaweza kulithibitisha hilo bila kunitegemea mimi: mabasi yenu yana kifaa cha kufuatilia mwendo, na rekodi ya siku ile itaonyesha kama gari lilisimama Kolo.

Pamoja nasi alipitilizwa bibi mmoja mwenye ndoo na furushi la shuka, ambaye yeye hakwenda kutalii. Kwake ni Kolo. Tuliposimama naye kando ya barabara pale Bereko alisema tu, "Hawa ndivyo walivyo, wanangu," akaweka furushi chini na kuanza kutafuta usafiri wa kurudi. Tulimlipia sisi. Naomba mlikumbuke hilo mkitaka kunijibu kwamba kituo kile ni cha wageni wachache.

Huenda mtajiuliza saa chache zina madhara gani. Mapango mengi ya Kondoa yako kwenye miteremko inayotazama mashariki, ukingoni mwa Bonde la Ufa. Asubuhi mwanga unaingia na wekundu wa michoro unajitokeza. Sisi tulirudi Kolo alasiri, tukalipa, tukachukua bodaboda hadi njia ilipoishia, tukapanda mlima kwa miguu hadi pango la Mungomi wa Kolo. Jiwe lilikuwa limeshaingia kivulini. Mwongozaji alilazimika kutufuatishia kwa kijiti, bila kugusa, mgongo wa tembo ambao ningeapa ni doa la maji. Ile picha ya watu watano, ambayo mwanaakiolojia Mary Leakey aliyenakili michoro hiyo mwaka 1951 aliiona kama mwanamke anayetekwa, na wengine wanaona ni ngoma, niliikodolea macho mpaka yakauma. Mapango mengine ya michoro, ya Pahi, Fenga na Thawi, hatukuyagusa kabisa. Mahali hapa pamo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2006, watu wanavuka bahari kuja kupaona, na Warangi, wenyeji wa hapa, bado wanapanda huko kwa matambiko yao. Mimi ninayeishi mkoa huo huo nimepaona nusunusu kwa sababu konda alikuwa anapiga soga.

Wakati wa kurudi tulilipungia mkono basi lenu lililokuwa likitoka Babati. Konda alituonyesha ishara kwamba limejaa. Siti za nyuma zilikuwa tupu, kioo cha nyuma hakina stika. Tulifika Kondoa mjini usiku kwa Noah tukiwa tumebanana na magunia, tukalala gesti, kwa sababu gari la kwenda Dodoma saa ile halikuwepo.

Naomba haya. Mturudishie tofauti ya nauli ya Kolo na Babati kwa tiketi zote tatu, pamoja na gharama ya kurudi kutoka Bereko na ya gesti. Nakala za tiketi na risiti nimeambatanisha; ile ya kumsafirisha bibi siidai. Kolo iingizwe kwenye mfumo wenu wa tiketi kama kituo, kwa nauli yake, ili konda awe na karatasi inayomwambia nani anashuka wapi, asitegemee kukumbushwa. Stika zitolewe kwenye vioo, zibaki kwenye bati. Na pale Kolo pawekwe kibao kidogo, hata cha ubao, cha kuonyesha saa ambazo mabasi yenu hupita kila upande, kwa sababu mwongozaji aliniambia wageni wengi hukatisha ziara wakihofia kukosa gari.

Wanafunzi nitawapeleka mwezi ujao, na ni basi zima. Kama hadi wiki mbili kuanzia leo sijapata jibu la maandishi, nitawasilisha malalamiko haya LATRA pamoja na viambatanisho vyake, na nitakodi gari kwingine.

Wenu,

Abiria wa siti D3,
Mwalimu wa Jiografia.