MINT: KUFUTIWA DATA YA MTO MBELE YA MACHO YANGU

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja,
Tawi la Eneo la Viwanda, Nairobi.

Bwana Meneja,

Nakuandikia kwa heshima, ingawa heshima hiyo sikuipata kwenye kaunta yenu Jumanne. Masharti ya dhamana mliyaandika wenyewe, kwa hivyo sitakusomea.

Nilileta kihisi cha kupima tope la maji kwa sababu wipa yake, kile kijiburashi cha kufuta kioo chake, ilikwama wiki ya mwisho. Kioo kilishikwa na ukungu wa kijani. Hilo tu. Nilisema kwa kinywa, nikaandika na kwenye fomu: data iliyomo haijatolewa. Fundi wenu akafuta yote, kisha akaniambia, "Mama, Mto Nairobi kila mtu anaona ni mchafu. Namba za nini?"

Siku 61 zilikuwa mle ndani. Kifaa kilifungwa kwa mnyororo karibu na Korogocho tarehe 12 Machi, kikawa kinasoma kila baada ya dakika 15, mara 96 kwa siku, masika yote. Vijana wa kikundi chetu waliingia kwenye maji yale hadi kifuani kukifunga. Pesa za kukinunua tulizichanga kwa kuuza chupa za plastiki tulizookota kingoni mwa mto huohuo.

Barua pepe yenu ya jana inaita jambo hili "hitilafu ndogo ya matengenezo". Basi narudia. Fundi wenu alipokiunganisha kifaa, grafu ilitokea kwenye skrini. Nilisimama upande wa pili wa kaunta, flashi mkononi. Siku za mvua mstari ulipanda ukashuka taratibu. Huo ni udongo. Lakini palikuwa na vilele vyembamba kama sindano, kupita NTU 800 (NTU ni kipimo cha tope la maji), saa nane usiku, katika siku ambazo hapakunyesha hata tone. Ukungu wa kioo haufanyi hivyo, ukishashika haushuki. Vilele vile vilishuka kabla ya alfajiri. Kuna mtu anamwaga kitu mtoni watu wakiwa wamelala! Nikamwambia, "Ngoja ndugu yangu, nina flashi hapa." Hata kuniangalia hakuniangalia. Akabofya. Skrini ikawa nyeupe. Ndipo akasema maneno yale ya kila mtu anaona, na wateja wawili nyuma yangu wakacheka.

Saa nane usiku ni macho ya nani yako mtoni?

Nilipokuja kwenu nilitaka wipa tu. Sasa nataka pesa zetu zote, na barua ya kuomba radhi iliyoandikiwa kikundi kizima. Nataka pia mlipe mtaalamu wa kurejesha data, tena tutakayemchagua sisi. Na kwa kuwa masika yamepita na hamwezi kuyarudisha, mtupe kihisi kingine bila malipo kabla ya mvua za vuli.

Nawapa siku saba. Siku ya nane nitakuwa Mahakama ya Madai Madogo, Milimani, na risiti, fomu yenye muhuri wenu na Kifungu cha 46 cha Katiba, kinacholinda haki za mtumiaji.

Kifaa bado kiko kwenu. Data iliyofutwa huenda ikapatikana mradi hakijarekodi kitu kingine juu yake. Kwa hivyo msikiwashe, msikijaribu, msikiguse.

Wako,
Katibu wa kikundi